Bibi kalazwa, mtoto yuko kwenye mafunzo ya nyuklia Marekani: tumwambie au tumfiche?

Kisa hiki ni cha familia moja ya hapa hapa Tanga, Makorora, wamenipa ruhusa nikiandike ilimradi nisitaje majina, kwa hiyo humu watakuwa kijana, baba, mama, bibi na shangazi, basi. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nipo kitengo cha ushauri nasaha, na baba wa kijana ni jirani yangu wa siku nyingi. Nimeona nikiandike chote maana swali lililowagawa hawa ndugu nalisikia kwa wazazi wengine pia, wenye watoto jeshini, wenye watoto udaktari, urubani, na kila mtu anajibu kwa vile alivyolelewa yeye.

Kijana kalelewa na bibi yake mzaa baba tangu anatambaa. Mama yake alitangulia Marekani, akafanya kazi za kuhudumia wazee, akapata uraia, ndo akamwombea mwanawe amfuate, akaondoka Tanga akiwa na miaka 13. Kwa sheria ya kule mtoto wa chini ya miaka 18 mwenye ukaazi wa kudumu, akiishi chini ya ulezi wa mzazi aliye raia, naye anakuwa raia moja kwa moja. Bila hilo kisa hiki kisingekuwepo, kwa sababu kazi za nyuklia kwenye jeshi la majini la Marekani hawamchukui asiye raia hata awe na kipaji gani. Huyu hesabu alikuwa anaziweza toka shule ya msingi, alipomaliza sekondari kule akafanya mtihani wa kuingilia jeshi, alama zikatoka za juu, wakamwambia unafaa nyuklia, akasaini miaka sita.

Habari ilipofika Makorora watu wakafurahi, na mtaani ikageuzwa kuwa mtoto wa fulani anaenda kutengeneza mabomu. Baba mwenyewe alikuja kuniuliza usiku, mwalimu, hivi ni kweli? Nikamwambia hapana, meli zote 11 za kubeba ndege za Marekani na nyambizi zao zote zinakwenda kwa kinu cha nyuklia, kinu kinatoa joto, joto linazalisha mvuke, mvuke unazungusha mitambo ya kusukuma meli na ya kufua umeme, na mwanao anafundishwa kuwa mmoja wa wanaokaa na hicho kinu usiku na mchana. Baba ni fundi mitambo, alielewa hapo hapo. Mama kule yeye alikuwa na hofu ya mionzi, kwamba mtoto hatazaa, mpaka kijana alipomweleza kwamba kila anayefanya kazi karibu na kinu anavaa kipimo kidogo mwilini kinachorekodi kiasi cha mionzi alichopata na kinasomwa na kuwekwa kwenye kumbukumbu zake.

Sasa hayo mafunzo yenyewe yakoje, maana wazazi wengi hapa ndo wanapopotelea. Kwanza ni depo, yaani mafunzo ya awali ya kuruta, Great Lakes, jimbo la Illinois, kama wiki tisa kumi, simu wanachukua, mnabaki kusubiri barua. Hiyo ndo sehemu familia ilidhani ni ngumu kuliko zote, walisoma Yasini, walifunga, kijana akatoka salama kapungua tumbo. Halafu anapelekwa Goose Creek, South Carolina, karibu na Charleston, na hapo ndo shule yenyewe. Anaanza na kozi ya fani yake, wa mitambo kama miezi mitatu, wa umeme na wa elektroniki kama sita, yeye alikuwa elektroniki. Akimaliza anaingia shule ya nguvu za nyuklia, miezi sita: hesabu, fizikia ya nyuklia, thamodinamiki (yaani elimu ya joto na nguvu), kemia, elimu ya metali, kinga ya mionzi, na jinsi kinu kinavyofanya kazi kuanzia chembe mpaka propela. Akipita hapo anakwenda miezi sita mingine kwenye kinu halisi, ama hapo hapo Charleston kwenye nyambizi za zamani zilizofungwa gatini zikafanywa madarasa, ama Ballston Spa, New York.

Alama zinapangwa hadi 4.0, chini ya 2.5 umefeli. Siku nzima darasani, na jioni unarudi jengo lile lile kujisomea, na ambaye alama zake zinayumba anapangiwa saa za lazima za kujisomea, 20, 25, hata 35 kwa wiki, juu ya vipindi. Na daftari halitoki. Hili nataka kila mzazi alielewe vizuri, kwa sababu masomo yale ni siri ya serikali, vitabu na madaftari yanabaki ndani ya jengo, simu haiingii, kwa hiyo mtoto hawezi kubeba hesabu akaja kusoma kitandani, wala hawezi kumpigia baba yake fundi mitambo akamuuliza hapa nimekwama. Baba alikuwa amejiandaa kabisa kumsaidia mwanawe, alishatoa vitabu vyake vya zamani sandukuni, akaambiwa baba samahani hata swali lenyewe siwezi kukutajia. Hilo lilimuuma kuliko alivyotaka kukubali.

Kwenye kozi ya fani mambo yalikuwa mazuri, simu kila siku, kamera inawashwa, bibi anaona chumba cha mjukuu wake, anamuuliza mbona kitanda hakina chandarua. Familia ikazoea hivyo. Alipoingia miezi sita ya nyuklia simu zikakatika ghafla. Anatoka jengoni saa nne usiku, huku kwetu ni saa kumi na moja alfajiri, na wakati wa baridi kule wanaporudisha saa zao nyuma inakuwa saa kumi na mbili. Ana nafasi ya dakika kumi, kumi na tano, akaoge alale, kesho mtihani. Huku nyumbani kimya hicho kikatafsiriwa kila mtu anavyojua, shangazi akasema kashapata mwanamke, mjomba mmoja akasema pesa zimemkolea, baba akanyamaza lakini akaanza kutuma voisi.

Hizo voisi nilisikilizishwa baadaye, zote za aina moja. "Kaza buti mwanangu, usituaibishe, mimi babako nilipita." Baba alipita JKT Maramba, enzi zile za mwaka mzima, kabla mafunzo ya mujibu wa sheria hayajasitishwa 1994 (yalirudishwa 2013), na kwa mtu wa namna hiyo jeshi ni mchakamchaka, kwata, jembe na kunyimwa usingizi, na dawa yake kweli ni kukaza. Mwili ukichoka, ukikaza unapita. Lakini mtoto wake hakuwa anakimbia. Alikuwa amekaa kwenye kiti saa kumi na mbili, kumi na nne, anajaza kichwani vitu ambavyo kesho yake vinajengewa vingine juu, na kwenye ugumu wa namna hiyo anayekaza peke yake kimya kimya ndo wa kwanza kuanguka, anayepona ni yule anayenyanyua mkono mapema kwa mwalimu akasema hapa sijaelewa. Kwa hiyo ushauri wa baba ulitoka kwenye mapenzi ya kweli na ulikuwa unamsukuma mtoto kwenye kile hasa kinachowaangusha wanafunzi wa pale, yaani kuona aibu kuomba msaada.

Mama naye kule Maryland, anatoka zamu ya usiku, anampigia anamwambia ukichoka mwanangu acha urudi nyumbani. Maneno matamu, ila haiwezekani. Kasaini miaka sita. Akifeli hiyo kozi harudi kwa mama yake, jeshi linampangia kazi nyingine kwenye meli, anaendelea na mkataba. Kwa hiyo kijana ana baba anayemwambia usithubutu na mama anayemwambia njoo, na kote kuwili hakuna anachoweza kufanya nacho. Juu ya hapo kuna grupu la ukoo kwenye WhatsApp, humo ndo balaa, ada ya mtoto wa shangazi, bati za nyumba ya Pongwe, harusi ya Muheza, kila mtu anajua kijana yuko jeshi la Marekani basi ana hela. Mshahara wa baharia mwenye cheo cha chini unatosha mtu kuishi na kuweka akiba, hautoshi kubeba ukoo. Alikuwa anatuma. Usiku wa manane anatuma hela halafu anaandika samahani shangazi ni kidogo.

Hapo ndo bibi akapata kiharusi.

Ilikuwa asubuhi, alikuwa anapepeta mchele uani, mkono wa kulia ukalegea, ungo ukamtoka, mdomo ukaenda upande. Wakampakia kwenye bajaji mpaka hospitali ya Bombo. Kauli ikapotea. Jioni ile ile ndugu wakakaa kikao sebuleni, na mimi niliitwa kama jirani, na ajenda ya kwanza, hata kabla ya nani analala hospitali, ikawa kijana aambiwe au asiambiwe. Alikuwa amebakiza mitihani michache na ule mkubwa wa mwisho unaokusanya kozi nzima.

Shangazi, ambaye ndo anaheshimika kwa kuongea pale nyumbani, akasema asiambiwe. Hoja zake nitazieleza kwa haki kwa sababu hazikuwa za kijinga. Mtoto hawezi kufanya lolote kutoka kule, nauli ni kubwa, akija atakuta bibi kapona au kafa, vyovyote vile atakuwa kapoteza kozi, na bibi mwenyewe angekuwa na kauli angesema mwacheni mjukuu wangu asome. Halafu akakumbusha kwamba marehemu kaka yao alifichwa msiba wa babu yao akiwa kwenye mitihani ya kidato cha sita, akafaulu, akaja kulia makaburini baadaye, na hakumlaumu mtu. Wengi humu tumelelewa hivyo. Nimeona watoto wa bweni wakifanya mtihani wa taifa huku mzazi kashazikwa, shule inajua, walimu wanajua, mtoto tu ndo hajui.

Mimi nilisema aambiwe, na aambiwe na baba, siku hiyo hiyo. Sikusikilizwa. Kikao kikafungwa kwa kukubaliana kwamba akipiga aambiwe bibi kalala, kachoka.

Kilichofuata mnaweza kukibashiri. Binamu mdogo wa kike, hakuwepo kikaoni wala hakuna aliyemwambia, akaweka picha ya mkono wa bibi wenye dripu kwenye stetasi, chini kaandika tumuombeeni bibi yetu. Kijana aliiona anatoka jengoni usiku, kesho yake ana mtihani wa thamodinamiki. Akapiga kwa baba. Baba, kwa sababu ndivyo walivyokubaliana, akasema bibi kalala. Kijana akasema sawa baba, shikamoo, akakata. Mtihani ule akapata chini ya 2.5. Halafu kimya, ujumbe unaonyesha tiki za bluu na jibu hakuna, na alipokuja kumpigia mama yake alisema neno moja lililomfanya mama apige simu Tanga huku analia: bora hii nafasi wangempa mtu mwingine, mimi hata nisipokuwepo mtazoea.

Hapo baba alikuja kwangu mwenyewe, bila kuitwa, na safari hii alitaka kusikiliza.

Nieleze nilivyolielewa. Wale ndugu walifikiri habari mbaya ni mzigo na kuficha ni kumpunguzia. Lakini kijana hakuwa hajui, alikuwa anajua nusu. Toka simu zilipoanza kujibiwa bibi kalala, bibi yupo kwa jirani, alishahisi, na mtu aliyehisi anatumia usiku wake kukisia, na akikisia anakisia kubaya zaidi ya ilivyo. Alimwambia mama yake baadaye kwamba alishaamini bibi amekufa na amezikwa. Fikiria mtoto anakaa darasani saa kumi na mbili anasikiliza habari za mvuke huku moyoni kashamzika mtu aliyemlea. Na baya la pili ni kwamba baada ya ile simu hakuwa na mtu wa kumwamini nyumbani, kwa hiyo hata walipomwambia kweli kwamba bibi yu hai, anameza uji, hakuamini mpaka alipowashiwa kamera.

Mfano wa enzi za yule marehemu haufai tena kwa sababu moja tu, siku hizi siri haifichiki. Wakati ule barua ilichukua wiki. Sasa kuna stetasi, kuna grupu, kuna rafiki wa utotoni anayeandika pole kaka. Ukificha, unachochagua ni kwamba ataambiwa na nani na saa ngapi, na mara nyingi itakuwa usiku, kwenye simu, peke yake.

Tulichofanya kwanza, kabla ya mambo ya bibi, ni lile neno la mtazoea. Nilimpigia mama nikamwomba amuulize mwanawe waziwazi, kwa maneno yenyewe, unafikiria kujidhuru? Mama aliogopa, akasema mwalimu nisije nikamtia wazo. Huo ni woga wa wazazi wengi na hauna ukweli, kuuliza hakumpandikizii mtu wazo, kunampa mlango wa kusema. Akamuuliza. Kijana akasema hapana mama, ila silali vizuri, kwa usiku napata masaa matatu tu, na nimechoka kuwaangusha watu. Basi mama akamweleza njia alizonazo kule, na hizi mzazi yeyote mwenye mtoto jeshi la Marekani azijue: kuna namba 988, akipiga akabonyeza 1 anapata wahudumu wa kuwasaidia wanajeshi walio kwenye shida, usiku na mchana, kuna sheria inaitwa Brandon Act, ilisainiwa Desemba 2021, inayompa askari haki ya kumwambia kiongozi wake nahitaji kuonwa na wataalamu wa afya ya akili bila kulazimika kueleza sababu, na kuna viongozi wa dini wa jeshi ambao unachowaambia hawaruhusiwi kumpelekea mtu mwingine yeyote. Kijana alichagua hilo la mwisho, akaenda kuongea na mmoja wao, hakuwa hata Muislamu, na alimsikiliza vizuri.

Kisha habari ya bibi. Kuna utaratibu ambao hatukuujua, mama ndo aliufuatilia. Jeshi la Marekani halipokei tu simu ya ndugu anayesema bibi mgonjwa, linataka Msalaba Mwekundu wa Marekani upokee taarifa, uithibitishe na hospitali, ndo uipeleke kwa wakubwa wa askari. Wanahitaji jina kamili la askari, cheo, tarehe ya kuzaliwa, kikosi chake, na upande wa mgonjwa jina, hospitali, na mtu wa kuzungumza naye. Msalaba Mwekundu hautoi ruhusa, unathibitisha tu, anayeamua ni mkuu wa kikosi. Na hapa pana kitu kinachotuhusu sana sisi wa huku. Kwa kanuni zao ruhusa ya dharura ni kwa mzazi, mke, mtoto, ndugu wa tumbo moja, na bibi kwa kawaida hamo, isipokuwa awe ndiye aliyemlea askari kwa nafasi ya mzazi. Huku kwetu nusu ya watoto wamelelewa na bibi zao! Kwa hiyo ni lazima isemwe toka mwanzo kwamba huyu bibi ndiye aliyemlea mpaka miaka 13, na mtoto mwenyewe awaambie wakubwa wake, maana kwa macho ya Mmarekani bibi ni bibi tu.

Taarifa ikafika. Kijana akaitwa na mshauri wa darasa lake, wakakaa naye, akaelezwa kwamba akiomba ruhusa na ikakubaliwa, atakosa vipindi vingi mno kuweza kuvifidia, kwa hiyo kuna uwezekano wa kuhamishiwa darasa litakaloanza baadaye, na asipokwenda watampangia mtu wa kumsaidia kwenye yale aliyoyafeli. Akapewa muda wa kufikiri. Kwa mara ya kwanza toka bibi alipoanguka kuna mtu alimpa yeye nafasi ya kuchagua, na nikisikiliza sauti yake kwenye simu ya alfajiri ile, tofauti ilikuwa kubwa.

Baba alimwambia yote. Mkono wa kulia haufanyi kazi, kauli inarudi kidogo kidogo, daktari anasema hatari ya siku za kwanza imepita ila kiharusi kinaweza kurudi. Hakupunguza, hakuongeza. Akamwambia ukija tutakupokea, ukibaki tutamuuguza, na mimi sitakudai maksi. Kijana akasema atabaki, kwa sharti moja, kila Ijumaa baba amwambie hali ya bibi ilivyo hata kama ni mbaya, hata kama ana mtihani. Na baba kaishika Ijumaa ile mpaka leo.

Mengine tuliyopanga ni madogo. Maombi ya hela yakafungwa, baba kama mkubwa wa familia akaandika kwenye grupu kwamba mpaka kijana amalize mafunzo asiombwe shilingi, mwenye shida amfuate yeye, na kweli kuna walionuna. Voisi za kaza buti zikaisha, badala yake baba anatuma sekunde chache za vitu vya hapa, sauti ya muuza kahawa anavyogonga vikombe, au anamwambia leo nimepita Deep Sea samaki wamejaa, na hazihitaji jibu, ameambiwa asijibu. Akipiga anaulizwa umekula nini, umelala saa ngapi, umeongea na mwalimu wako. Alama haulizwi, akitaka anasema. Baba mwenyewe alinieleza kwa lugha ya kazi yake, kwamba injini ikishachemka huongezi mafuta, unaipunguzia mzigo ipoe ikiwa inatembea, na nikaona hapo kashaelewa kuliko mimi nilivyoweza kumweleza.

Kuna jambo aliniuliza siku nyingine, kwa nini wanakuwa wakali hivyo kwa vijana wa miaka 19, 20. Nikamweleza kidogo habari za Hyman Rickover, yule aliyesimamia nyambizi ya kwanza ya nyuklia, Nautilus, iliyoshushwa majini 1954, mtu mkali kupindukia aliyekuwa akiwahoji mwenyewe maafisa wanaotaka kuingia kwenye programu yake. Nikamweleza na habari ya nyambizi Thresher, iliyozama tarehe 10 Aprili 1963 na watu 129, hakuna aliyepona, na uchunguzi ukaelekeza kwenye bomba la maji ya bahari lililovuja na kinu kuzimika wakati ambao chombo kilihitaji nguvu kupanda juu. Baba alikaa kimya akasema basi wana haki, mtu asiyejua asiachiwe kile chombo. Nadhani na hilo lilimsaidia aache kuona kila alama ya chini ni uonevu au ni uzembe.

Kijana alipita. Maksi zake si za kutangaza, na ule mtihani mkubwa wa mwisho ulimtoa jasho, lakini alipita, na sasa yuko Ballston Spa kwenye kinu halisi, zamu za saa kumi na mbili zinazozunguka, wiki hii mchana, wiki nyingine usiku, theluji mpaka magotini. Bibi anatembea kwa mkongojo na anatamka majina, la mjukuu wake analitamka nusu.

Shangazi mpaka leo hakubaliani na mimi. Anasema angeficha tena, kosa ni la yule binti na stetasi yake, na kwamba kama siri ingefungwa vizuri mtoto asingefeli ule mtihani. Nimemwambia shangazi, tatizo ni kwamba mngemficha mpaka lini? Miezi sita ya pale, sita ya huku alipo sasa, halafu nyambizi, na akiwa ndani ya nyambizi kuna wakati ujumbe haufiki kabisa kwa wiki nyingi, na huko ndiko kijana anakoelekea. Akasema huko akifika tutaongea. Baba hakusubiri huko. Kashamuuliza mwanawe, wakati bibi anapumua na wote wana akili zimetulia, kwamba ikitokea kubwa zaidi akiwa baharini anataka aambiweje, na kijana kajibu, na jibu limeandikwa na kuwekwa pamoja na karatasi yenye cheo chake, kikosi chake na namba ya Msalaba Mwekundu, nakala moja kwa mama Maryland, nyingine kwenye kabati la baba Makorora, na ya tatu kapewa yule binamu wa stetasi, kwa sababu ndiye anayekesha na simu.